Kinjeketile na Uzito wa Neno



Tumechagua kuwaigizia Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyochapishwa mwaka 1969, inayohusu Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Mhusika mkuu, Kinjeketile, analeta maji ya dawa, na makabila yaliyokuwa hayaaminiani yanaungana dhidi ya Wajerumani. Lakini neno likishatoka halimsikilizi tena mwenyewe. Anaomba wasubiri, wao wanaingia vitani, na risasi hazigeuki maji. Akiwa kifungoni anatakiwa akiri kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa, kwa kuwa kuyakana ni kuwafundisha watoto kwamba hata kudai uhuru kulikuwa kosa.

Sisi tuliowahi kuuza masufuria kwa uvumi wa kurudi nyumbani tunaielewa hadithi hii. Umoja wake tuuchukue, maji tuyaache. Kila anayesimama mbele ya watu hapa kambini, awe mkimbizi au mfanyakazi wa shirika, alipime neno lake kwanza, maana watakaolifuata wana watoto mgongoni.