Tuwapime Wahenga kwa Mizani Ipi?

(Maneno yaliyotolewa mbele ya viongozi wa walei, Endasak, Wilaya ya Hanang)



Katika mikutano ya jumuiya ndogondogo liko swali linalorudi kila mara wazee na vijana wanapoketi pamoja. Kijana husema kwamba mila za babu zetu zilikuwa za kishenzi, na heri zimezikwa. Mzee hujibu kwamba ninyi mmezaliwa juzi tu, hamjui tulikotoka. Kila zama zina mambo yake. Mazungumzo hukoma hapo, kila mmoja akiwa ameshika lake. Sisi tuliokabidhiwa kazi ya Haki na Amani hatuwezi kuliacha swali hilo njiani, kwa maana jinsi tunavyowahukumu waliokufa huonyesha jinsi tunavyowatendea walio hai.

Tuchukue mfano wa hapa hapa kwetu, nao ni metimani ya Wairaqw. Wengi wenu mmeisikia, na baadhi ya bibi zetu waliionja. Msichana aliyepata mimba kabla ya ndoa, mama aliyefiwa na mtoto mchanga, hata mjane, walihesabiwa kuwa wamebeba hatari inayoweza kuwaangukia wengine. Kwa hiyo walitengwa. Hawakushirikiana chakula wala vyombo na jirani, na kutengwa huko kulidumu miezi mingi. Kwa msichana asiyeolewa mambo yalikuwa magumu zaidi: haikufaa ajifungue katika nyumba ya baba yake, hivyo aliondoka kwenda asikojulikana, au alijifungulia mahali pasipo na mama wala mkunga wake.

Yatupasa kwanza kuwatendea haki wazee wale. Hawakutenga watu kwa kupenda ukatili. Waliishi katika nchi ambamo watoto walikufa kwa wingi, maradhi yalipita kutoka boma moja hadi jingine, na hapakuwa na zahanati wala chanjo. Waliona kwamba kifo huambukiza, wakajaribu kuuzingira msiba usienee. Kitabu cha Mambo ya Walawi, kuanzia sura ya 12 hadi ya 15, kina maagizo ya namna hiyo kwa Waisraeli, nasi hukisoma kanisani bila kuwaita Waisraeli washenzi. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoenea, mataifa makubwa yenye hospitali za kila aina yaliwafungia watu majumbani na kuwazuia hata kuwazika wazazi wao. Hofu ile ile ilirudi, ila imevaa koti jeupe.

Hata hivyo, kuielewa mila si kuihalalisha. Mzigo mkubwa ulimwangukia msichana, si mwanamume aliyempa mimba. Tukisema kwamba “watu wa zamani waliikubali”, hatuna budi kuuliza ni watu gani hao. Msichana aliyelia peke yake usiku naye alikuwa mtu wa zamani. Yeye pia ni mhenga wetu! Mara nyingi tunapotaja wahenga tunamaanisha waliokuwa na sauti barazani, tukawasahau waliobeba uamuzi wa baraza mgongoni. Hapo ndipo hoja ya “kila zama na mambo yake” inapoanguka. Kama ingesimama, tusingeweza kusema neno lolote juu ya soko la watumwa la Zanzibar, lililofungwa mwaka 1873, kwani wanunuzi na wauzaji wote waliliona kuwa halali. Hakuna aliyemwuliza yule aliyekuwa ndani ya minyororo.

Tena si kweli kwamba wazee wetu hawakuwa na mizani ya haki mpaka ilipoletwa na wageni. Tuwatazame Wabarabaig, ambao wengi huwaita Wamang’ati, jina walilopewa na Wamasai lenye maana ya adui. Hata jina lenyewe ni hukumu. Mtaalamu mmoja wa Marekani, George Klima, aliyekaa kwao katika miaka ya 1950, aliandika juu ya baraza la wanawake liitwalo girgwagedgademga. Mwanamume aliyevunja heshima ya wanawake, kwa mfano aliyemtendea vibaya mama aliyejifungua, alishitakiwa mbele ya baraza hilo. Wanawake waliketi, wakasikiliza, wakamtoza faini ya ng’ombe dume. Akikaidi, laana yao ilimngoja, na wanaume waliiogopa. Basi katika nchi hii hii tunayoidhania kuwa ya giza, mwanamke aliweza kumfikisha mwanamume barazani. Tujiulize ni vijiji vingapi leo, vyenye ofisi na mihuri, ambamo jambo hilo ni rahisi.

Mafundisho ya Kanisa yanatusaidia kutenganisha mambo mawili ambayo kijana na mzee wetu wanayachanganya. Ili mtu ahesabiwe kuwa ametenda dhambi ya mauti, haitoshi jambo lenyewe kuwa zito. Lazima awe na ufahamu kamili na ridhaa kamili. Hivyo twaweza kusema bila kigugumizi kwamba kumfukuza binti mjamzito nyumbani ni tendo ovu, lilikuwa ovu hata wakati ule, na bado tukamwachia Mungu roho ya baba aliyemfukuza huku akiamini kwamba anawaokoa watoto wake wengine. Tendo tunaweza kulipima. Moyo wa marehemu hatuna mizani yake.

Sasa tugeuke upande wetu, maana Bwana wetu mwenyewe alifanya hivyo. Katika Injili ya Mathayo sura ya 23 anawakemea watu waliojenga makaburi ya manabii na kudai kwamba, lau wangaliishi siku za baba zao, wasingalishiriki kumwaga damu ile. Hakuwakemea kwa kuwahukumu baba zao. Aliwakemea kwa sababu walikuwa wakitenda yale yale.

Ndugu zangu, kwa miaka mingi katika Tanzania huru msichana aliyepata mimba alifukuzwa shule. Kanuni za mwaka 2002 ziliruhusu afukuzwe, na mwaka 2017 Rais wa nchi alitamka hadharani kwamba aliyezaa hatarudi darasani. Ni mwezi Novemba 2021 tu ambapo serikali ilitangaza kwamba anaweza kurudi. Tofauti yake na metimani ni ipi? Metimani ilikuwa na mwisho. Baada ya muda mwanamke alirudi kwa watu. Nalo Kanisa, katika Mkusanyo wa Sheria wa mwaka 1917, lilimhesabu mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa kuwa na kizuizi cha kupewa daraja takatifu, na kizuizi hicho hakikuondoka mpaka Mkusanyo mpya wa mwaka 1983. Mtoto aliadhibiwa kwa kosa ambalo hakulitenda. Waliotunga sheria hiyo walikuwa wasomi, si wazee wa porini.

Vivyo hivyo katika tambarare za Basotu, wilaya hii hii. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali, kwa msaada wa Kanada, ilianzisha mashamba makubwa ya ngano yaliyofikia takriban ekari 100,000. Ardhi ilikuwa malisho ya Wabarabaig, na ndani yake yalikuwapo makaburi ya wazee wao, bung’eda, yanayojengwa kwa sherehe za miezi mingi. Matrekta yaliyapitia baadhi yake. Yote yalifanyika kwa jina la maendeleo, na waliofanya hivyo ndio waliokuwa wakiwaita wafugaji hao watu wa nyuma.

Kuna jambo moja ambalo halipaswi kujificha chini ya neno “mila za kale”, nalo ni ukeketaji. Huo si wa kale. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 ulionyesha kwamba katika mkoa wetu wa Manyara asilimia 58 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa, kiwango kilichozidi cha mkoa mwingine wowote nchini. Sheria ya mwaka 1998 inakataza kumfanyia msichana aliye chini ya miaka 18. Anayeshika kisu leo amesikia redioni, ameambiwa zahanati, ameonywa kanisani. Ule utetezi tuliompa babu, wa kutojua, yeye hana.

Kwa hiyo tunawaomba, kabla ya mkutano ujao, kila kiongozi wa jumuiya awatembelee bibi wawili au watatu wenye umri mkubwa, wa Kiiraqw na wa Kidatoga, na kuwauliza walipitia nini: metimani ilikuwaje, baraza la wanawake liliamua nini, nani aliwapelekea chakula walipotengwa. Aende mwanamke mwenzao, wala mzee wa ukoo asiketi kando yao wanapoongea. Waliyoyasema yaandikwe kwa maneno yao, na majina yao yaachwe.