BASI LA BABA NA HESABU ZAKE

(Mazungumzo mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa nizungumze juu ya gharama za biashara. Mimi si mfanyabiashara. Ni mtumishi wa Serikali. Lakini kaka zetu waliotutangulia wamekaribia kustaafu, na kila nikutanapo nao huko Temeke au Kinondoni huniuliza kiinua mgongo wakifanyie nini. Nitajibu kwa kisa cha nyumbani kwetu.

Baba yangu alikuwa mwalimu. Alipostaafu mwaka 2001 alinunua basi dogo lililokwisha kutumika, kwa shilingi 9,000,000, likawa linakwenda Mbagala na Kariakoo. Kila jioni dereva alileta hesabu, shilingi 25,000. Baba alizipanga mezani akasema, "Hii ndiyo faida."

Kosa lilianzia hapo, maana gharama si za aina moja.

Kwanza ziko gharama zinazobadilika, kama vile dizeli. Safari zikizidi, nazo huzidi, zikipungua, hupungua. Kwa desturi ya daladala dizeli hulipwa na dereva, na ndiyo maana Baba hakuiona.

Pili ni gharama za kudumu: bima na leseni ya njia. Hizi hulipwa hata kama gari limelala gereji. Na tazameni jambo hili: hesabu ileile iliyokuwa pato la Baba, kwa dereva ilikuwa gharama ya kudumu. Mvua inyeshe, abiria wasitoke, hana budi kuileta. Tunapomlaani kwa kukimbiza gari na kukatiza njia, tukumbuke deni analoamka nalo kila alfajiri.

Tatu ni uchakavu. Huu haudai kwa sauti. Tukisema basi lile lingefanya kazi miaka 5, lilikuwa likipoteza shilingi 1,800,000 kwa mwaka, yaani 150,000 kwa mwezi, ambazo ni kama 5,000 kwa siku. Fedha hizo zilikuwa ndani ya hesabu ya kila jioni, nasi tukazila.

Nne ni faida ya kile ulichokiacha. Kwa fedha zilezile Baba angeweza kujenga vyumba vya kupangisha. Kodi ambayo hakuipata, nayo ni gharama.

Jiji letu nalo limelipia somo hili. Shirika la UDA liliundwa mwaka 1974. Mabasi yake yalipochakaa, vipuri vilihitaji fedha za kigeni, nazo zilikuwa adimu. Abiria walijazana vituoni, na mwaka 1983 Serikali ikaruhusu mabasi ya watu binafsi. Nauli ilikuwa shilingi tano, sarafu ambayo watu waliiita dala. Ndipo likatoka jina la daladala. Hata leo nauli hupangwa na LATRA, kwa hiyo dizeli ikipanda bei, mwenye basi hawezi kupandisha nauli apendavyo. Kinga yake ni kuzijua gharama zake mapema.

Mwaka wa tatu injini ya basi letu ilikufa. Hatukuwa na akiba ya kununua nyingine. Bodi lilikaa uani, kuku wakalala ndani yake. Baba hakuacha kusema, "Lakini lilikuwa linaleta hela." Ni kweli lilileta, na mimi ni shahidi, kwa kuwa nauli yangu ya kwenda Mlimani na vitabu vyangu vya Chuo Kikuu vilitoka mezani pale. Nilisoma mambo ya uchakavu darasani kwa fedha za uchakavu wa basi la Baba, wala sikufumbua macho nikamwambia.

Ndugu zangu, mnapoletewa hesabu jioni, tengeni kwanza fungu la chombo kilichoileta. Kinachobaki ndicho chenu. Na ninyi vijana mliosoma, msikae kimya kama nilivyokaa mimi.