Burj Khalifa Haitoi Leseni

Msikilizaji, kama umewahi kufungua ukurasa wa mtu anayefundisha biashara ya foreksi, au anayewatafutia vijana kazi Ghuba, au anayeuza ploti zilizo mbali na lami, picha ya kwanza unaifahamu. Amesimama Dubai. Nyuma yake ni Burj Khalifa, jengo la mita 828 lililofunguliwa Januari 2010. Suti imemkaa, miwani ya jua machoni, mikono ameitandaza. Picha ya pili ni ya nyumbani: Westlands, minara ya GTC, na chini yake maneno ya kukukaribisha ofisini.

Leo nataka tuzitazame picha hizo mbili, kwa sababu wako Wakenya wanaouza ng'ombe kwa kuziamini.

Tuanzie hapa Westlands. Ukipita jioni, jua likielekea Kikuyu, utawakuta vijana wapiga picha na wateja wao wakitafuta pembe ambayo mnara mkubwa wa GTC utaingia wote. Una mita 184. Kuupata mzima pamoja na sura ya mtu kunataka ufundi, na vijana hao wanao. Wanakula jasho lao na sina neno nao. Neno langu ni juu ya kazi ambayo picha hutumwa kuifanya ikishatoka kwenye kamera.

Kwa miaka mingi sasa makampuni yamekuwa yakihama katikati ya jiji kwenda Westlands, Upper Hill na Kilimani. Anwani ya Westlands ikapata uzito wake. Na anayeitaka anwani hiyo leo halazimiki kukodi ofisi kwa mwaka. Kuna vyumba vya mikutano na meza za pamoja zinazokodishwa kwa siku, hata kwa saa. Kwa kijana anayeanza biashara halali, hiyo ni nafuu kubwa. Kwa tapeli, chumba chenye ukuta wa kioo na minara dirishani kinamtosha kwa asubuhi moja. Mteja anatoka Bungoma na basi la usiku, anapanda lifti, anapewa chai, anatia sahihi, anatuma pesa kwa simu. Akirudi baada ya wiki mbili anakuta watu wengine kabisa mezani, na mhudumu wa mapokezi halijui jina analolitaja.

Msikilizaji anaweza kuuliza: mbona mtu aamini jengo? Mimi nasema ana sababu, na tusimcheke. Katiba ya mwaka 2010 ilipokataza sura ya mtu kwenye noti, Benki Kuu ilitafuta alama nyingine, na noti zote zilizotolewa 2019 zikabeba jumba la KICC, lile lililofunguliwa 1973. Nchi nzima inashika jengo hilo mkononi kila siku ikilipia sukari na nauli. Jengo maarufu limezoea kutuambia kwamba kuna taasisi nyuma yake.

Na safari nayo ilikuwa ushahidi. Septemba 1959, wanafunzi 81 waliondoka Nairobi kwa ndege kwenda Marekani, katika mpango uliosukumwa na Tom Mboya. Mzazi aliyeletewa picha ya mwanawe amevaa koti zito mbele ya chuo alikuwa na kila haki ya kujivuna nayo, maana nyuma ya picha ile palikuwa na mtihani uliofaulu, mchango wa majirani na chuo kilichokubali kumpokea. Usingeweza kufika pale kwa kutaka tu. Hata leo, pesa wanazotuma Wakenya walio ughaibuni zinalisha nyumba nyingi. Mwaka 2024 zilikaribia dola bilioni 5. Kwa hiyo mama wa Siaya akimwona kijana aliyepiga picha Dubai na kumwamini, anatumia hesabu iliyomfaa kwa muda mrefu.

Hesabu hiyo imeharibika. Safari ya Dubai ya siku nne inauzwa sasa kwa malipo ya polepole, na tiketi ya kupanda Burj Khalifa anauziwa yeyote mwenye pesa. Mlinzi wa mlango haulizi kama umewahi kupata faida katika foreksi. Haulizi kama wasichana uliowapeleka Riyadh mwaka jana wamelipwa mishahara yao. Kwa anayeuza kozi, tiketi ile ni gharama ya biashara, na mara nyingi imelipwa na wanafunzi waliotangulia ili iwalete wanaofuata. Fikiria hilo kidogo, wewe unayetaka kulipa karo ya kozi wiki hii.

Pwani tuna historia yetu ya picha za namna hii, na naipenda. Miaka ya 1990, Likoni, karibu na feri, palikuwa na vibanda vya wapiga picha vyenye mapazia yaliyochorwa meli, ndege, maghorofa na bustani. Mtu aliyekuja Mombasa kutafuta kazi alisimama mbele ya meli ya kuchorwa, akapigwa picha, akaipeleka bara kwa wazazi. Lakini angalia tofauti. Pazia lilionekana kuwa pazia. Rangi zilijulikana kuwa rangi. Picha ilisema: hapa ndipo moyo wangu unapotaka kufika. Haikumwomba aliyeipokea atume akiba yake.

Huko Uholanzi, mwaka 2014, mwanafunzi aitwaye Zilla van den Born aliwaaminisha jamaa zake kwamba yuko Asia ya Kusini-Mashariki kwa wiki tano, kumbe hakutoka nchini mwake. Alitengeneza picha za fukwe na hekalu akiwa kwao, kisha akaeleza wazi alilofanya, maana ulikuwa mradi wake wa masomo wa kuonyesha jinsi tunavyodanganyika. Miaka mitatu baadaye, mjini Moscow, kampuni moja ikawa inakodisha ndege ya kifahari isiyopaa, imeegeshwa tu, ili watu wapigie picha ndani. Kwa hiyo hata ile hoja kwamba angalau mtu alifika haisimami tena.

Sasa nifike panaponiuma. Mwaka 2022 Wizara ya Mambo ya Nje ilianza kuwaonya Wakenya kuhusu kazi za uongo nchini Thailand. Vijana waliahidiwa kazi za mauzo na huduma kwa wateja, mishahara mizuri, malazi. Walipotua walivushwa mpaka hadi Myanmar au Laos na kufungiwa kwenye maboma yenye walinzi wa bunduki. Umoja wa Mataifa ulikadiria mwezi Agosti 2023 kwamba watu wasiopungua 120,000 walikuwa wakishikiliwa Myanmar na wengine kama 100,000 Kambodia, wakilazimishwa kutapeli watu mtandaoni. Na walilazimishwa kufanya kazi gani hasa? Kujifanya matajiri. Unapewa akaunti yenye sura ya mtu usiyemjua, imejaa picha za hoteli, magari, mapumziko ya ufukweni na miji yenye majengo ya kutajika. Unazungumza na mgeni aliye Ulaya au Marekani kwa wiki kadhaa hadi akuzoee, kisha unamwingiza kwenye uwekezaji usiokuwepo. Usipofikisha kiasi ulichowekewa, unapigwa.

Yaani kijana wa Kenya aliyevutwa na ahadi ya maisha ya ng'ambo aliketishwa mbele ya kompyuta kuwatumia wengine ahadi hiyo hiyo. Baadhi wamerudi. Wanahitaji kusikilizwa bila kusimangwa, kwa sababu wanaijua mbinu hii kutoka ndani, hatua kwa hatua, kuliko mtaalamu yeyote anayeitwa studioni.

Sisemi watu wasisafiri wala wasionyeshe walikofika. Kiswahili kina wasafiri wake wa kuaminika tangu zamani. Mwaka 1896 Salim bin Abakari, Mngazija, alifuatana na Mjerumani mmoja hadi Urusi na Siberia, na simulizi yake ikachapishwa mwaka 1901 katika kitabu cha Carl Velten, Safari za Wasuaheli. Hakuwa na picha ya kujionyesha. Alieleza njia, baridi, na watu aliowakuta wanavyoishi, na msomaji akimfuata anajua huyu aliona. Hapa kwetu leo wapo waongoza watalii wanaofanya mitihani ya chama chao, KPSGA, kutoka daraja la shaba hadi la fedha na la dhahabu. Mwongoza watalii wa namna hiyo akiweka picha ya twiga na minara ya Nairobi kwa mbali, katika ile mbuga ya mwaka 1946 iliyo mlangoni mwa jiji, atakuambia huyo ni twiga wa aina gani na amekuja upande huu kufuata nini. Muulize swali la pili atalijibu, na la tatu pia. Mwenye picha tupu hukasirika ukifika swali la pili, au anakufungia kabisa usiuone ukurasa wake.

Kwa foreksi, swali la kuuliza lipo katika sheria. Kanuni za mwaka 2017 zinataka anayeendesha biashara hiyo mtandaoni kwa ajili ya umma apewe leseni na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, CMA. Kwa kazi za ng'ambo, Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2007 inamtaka wakala awe amesajiliwa, na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA, ndiyo yenye sajili. Mwombe nambari ya leseni. Usiridhike na picha ya cheti, maana cheti nacho kinatengenezwa. Chukua nambari, ihakikishe kwa mamlaka yenyewe, nawe ndiwe upige simu, kwa namba uliyoitafuta mwenyewe.

Wenye majengo ya Westlands nao wana wajibu. Anayekodisha chumba kwa saa anajua jina lililolipia. Mteja aliyetapeliwa akija na polisi, jina hilo litolewe siku hiyo hiyo, pamoja na picha za kamera za mlangoni.

Na kwa CMA na NEA nina ombi moja. Tangazo la tapeli linamfikia mtu wa Kilifi au Busia likiwa na picha, sauti na lugha anayoielewa. Orodha ya wenye leseni inamngoja kwenye tovuti, kwa Kiingereza. Ileteni redioni kwa Kiswahili, kila mwezi: majina ya waliosajiliwa na ya walionyang'anywa leseni, yasomwe polepole baada ya taarifa ya habari ya saa moja jioni, watu wakiwa nyumbani na kalamu iko karibu.