VIJANA, MSIKUBALI KUWA MAMLUKI WA UONGO!

Vijana wenzangu, nawauliza: kijana mwenye simu na asiye na kazi ananunuliwa kwa bei gani? Nairobi, mwaka 2021, ilikuwa dola 10 hadi 15 kwa kushiriki kampeni tatu kwa siku!

Huu si umbea wa kijiweni. Mei 13, 2021 majaji watano wa Mahakama Kuu ya Kenya waliuzima mpango wa kubadili Katiba, BBI, uliobebwa na Rais Uhuru Kenyatta na Raila Odinga. Kipindi hicho majaji na wanaharakati walichafuliwa majina kwenye Twitter, ukadhani Wakenya wote wamechachamaa. Kumbe wapi! Ripoti ya watafiti Odanga Madung na Brian Obilo, iliyotolewa na Mozilla Septemba 2021, ilihesabu kampeni 11, akaunti kama 3,700 na ujumbe zaidi ya 23,000.

Mchezo wenyewe ni huu. Linafunguliwa kundi la WhatsApp. Mnapewa heshitegi, maneno yaliyokwisha pikwa, picha, na saa ya kuanza. Mwenye fedha yuko gizani. Saa ikifika, wote mnafyatua kwa pamoja. Shabaha ni ile orodha ya mambo yanayovuma. Uongo ukishaingia humo, watu wa kweli wanaudandia bure, mwandishi wa habari naye anaandika "wananchi wacharuka". Wananchi gani?

Sasa ufanyeje? Fungua akaunti tano sita zilizoanza. Maneno yale yale, dakika zile zile? Hao wamepangwa. Usijibu kwa heshitegi yao hata kwa kuilaani, maana mashine inahesabu tu, haijui umekasirika. Piga picha ya skrini yenye saa, uiripoti. Twitter ilifuta akaunti zaidi ya 100 baada ya ushahidi ule.

Na someni hukumu zenyewe! Mahakama ya Rufani iliukataa mpango ule Agosti 20, 2021. Mahakama ya Juu nayo ikauzika Machi 31, 2022, ingawa ilikataa baadhi ya hoja za majaji wa kwanza. Ukweli ndivyo ulivyo, una "ingawa" zake. Heshitegi haina.

Msicheke, hata sisi wapinzani tunao wapambe wa namna hii.

Yule kijana wa dola 10 ukimkuta, usimtukane. Muulize zile pesa zilitoka kwa nani.