Ndimi Zetu ni Ishara za Mwenyezi Mungu

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, tunajiusia nafsi zetu na kukuusieni nanyi kumcha Yeye kwa siri na kwa dhahiri.

Ndugu Waislamu, katika Sura ya Ar-Rum, aya ya 22, Mola wetu ametaja kuhitilafiana kwa ndimi zetu na rangi zetu kuwa miongoni mwa ishara Zake. Ishara huzingatiwa, haichekwi. Lakini hapa petu Msasani, penye wavuvi wa asili na watu waliohamia kutoka kila mkoa, mtoto aliyekuja kutoka bara huchekwa chuoni kwa namna anavyotamka Kiswahili, hata huona haya akaacha kuja kusoma. Basi na tuzingatie leo ndimi hizi zimetoka wapi.

Kiswahili ni tawi la ukoo wa lugha za Kibantu. Wataalamu wanaeleza kwamba ukoo huo ulianzia karibu na mpaka wa Nigeria na Kameruni, yapata miaka 4,000 hadi 5,000 iliyopita. Wasemaji wake wakaenea kidogo kidogo, kizazi baada ya kizazi, mpaka pwani hii na mpaka Afrika Kusini. Ushahidi umo vinywani mwetu: yule tumwitaye mtu, Waganda humwita omuntu, na Wazulu umuntu. Maneno ya Kiarabu kama kitabu, dini na salamu yaliingia baadaye, mfano wa wageni waheshimiwa katika nyumba iliyokwisha kujengwa.

Wala nchi yetu haina ukoo huo peke yake. Wamasai na Wajaluo husema lugha za Kiniloti. Wasandawe, na Wahadza wa Ziwa Eyasi, wana lugha zenye sauti za vidoko. Nao Wairaqw wa Mbulu husema lugha ya Kikushi.

Hapa ndipo penye mazingatio makubwa. Lugha za Kikushi, pamoja na za Kisemiti kama Kiarabu na Kiebrania, huhesabiwa na wataalamu kuwa ni za ukoo mmoja wa kale. Kwa hiyo Kiiraqw kina udugu wa mbali na Kiarabu, udugu wa nasaba ambao Kiswahili hakina, japokuwa kimeazima maneno mengi. Ile haa ya Alhamdu na ile 'ain ya 'aalamiin, zinazotutaabisha sisi watu wa pwani mbele ya mwalimu wa tajwidi, Mwiraqw amezipata pamoja na maziwa ya mama yake. Huenda basi mtoto tunayemcheka kwa Kiswahili chake ndiye awezaye kutufunza kuisoma Al-Fatiha.

Hatusemi haya ili kabila moja lijivune juu ya jingine. Mtume (s.a.w.), katika hotuba yake ya kuaga, mwaka wa 10 wa Hijra, alifundisha kuwa Mwarabu hana ubora juu ya asiyekuwa Mwarabu ila kwa ucha Mungu. Na mwadhini wake alikuwa Bilal, mwenye asili ya Uhabeshi.

Basi enyi wazazi, wafundisheni watoto wenu lugha za babu zao bila ya kuona haya. Enyi walimu, msiruhusu kicheko kumfukuza mwanafunzi chuoni. Nanyi vijana, mliyemcheka jana, mwendeeni leo mkamtake radhi, mrudi naye darasani.

Ewe Mola wetu, zihifadhi ndimi zetu na dharau, na uziunganishe nyoyo zetu. Tunasema haya, na tunamwomba Mwenyezi Mungu atughufirie sisi, nanyi, na Waislamu wote. Amin.