Saa ya Masini: Dawa Iko Mezani, Tunangoja Nini?



Leo hatuongelei barabara wala maji. Tunaongelea saa. Ile saa ndogo iliyo juu ya telefone yako, nani anaiweka? Masini inauliza masini ingine kupitia intaneti: ni saa ngapi? Njia moja kubwa ya kuulizana hivyo inaitwa NTP. David Mills wa Marekani njo aliianzisha katika miaka ya 1980, na programu yake inatolewa bure kwa dunia yote.

Sasa musikie. Programu ile ilikuwa na amri ya kuomba liste ya masini 600 za mwisho zilizouliza saa. Swali dogo, jibu linaweza kuwa kubwa mara 200. Mwizi anauliza kwa anwani ya mutu mwingine, majibu yote yanamuangukia yule asiyeuliza kitu. Februari 2014, seva zaidi ya 4,500 zilitumiwa hivyo, na shambulio likakaribia gigabiti 400 kwa sekunde. Lakini rekebisho lilikuwa limeandikwa tangu 2010! Dawa ilikuwa mezani, wagonjwa hawakuinywa.

Mwezi wa 12 mwaka uleule, Neel Mehta na Stephen Röttger wa Google wakaonyesha kasoro mbaya zaidi: ujumbe mmoja wa ujanja ungeweza kumuruhusu mugeni aendeshe amri zake ndani ya masini yako.

Inatuhusu nini? Siku moja tulikuwa tunatuma dosye ya kazi kwa ordinateri ya zamani. Batri yake ya ndani ilikufa, tarehe ikarudi nyuma miaka mingi. Kurasa zikakataa kufunguka, juu masini iliona vyeti vya usalama bado havijaanza kutumika. Saa sita ya usiku ikapita, dosye ikabaki. Na picha tunazopiga kama ushahidi? Tarehe ikiwa ya uongo, anayetaka kutukanusha amepata pa kuanzia.

Tarehe 4 Mei 2023, mito ilishuka Bushushu na Nyamukubi, ikachukua watu zaidi ya 400. Hatulinganishi wafu wetu na masini, hapana. Lakini sisi wa Kalehe hatuwezi tena kusikia neno "tutaona kesho" tukanyamaza.

Kwa hiyo, wewe: acha telefone ijiwekee saa yenyewe, na usikatae mapya ya programu ukisema yanakula megabaiti. Tumia nafasi ukiwa na rezo nzuri.

Ninyi wakubwa wa masomo, hospitali na biro: nani anatunza ordinateri zenu? Mukikosa jibu, sisi wenyi lisanse tuko hapa, tumekaa nyumbani. Kazi iko, wafanyakazi wako. Mutuite.