Beji za Maskauti na Jinsi Zinavyopatikana

Leo twapenda kunena nanyi habari ya jambo ambalo wazazi wengi huliona kwa macho wala hawajui maana yake, yaani zile alama zilizoshonwa katika mikono ya mashati ya maskauti. Wengine hudhani ya kuwa ni mapambo tu. Sivyo. Kila alama ni ushahidi wa kazi iliyokwisha kutendeka.

Chama hiki kilianza kwa jaribio dogo. Mwezi wa Agosti 1907, Robert Baden-Powell, jemadari wa Kiingereza, aliwachukua wavulana wapatao 20 akapiga nao kambi katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza. Wengine walikuwa wana wa matajiri, wengine wana wa wafanya kazi. Aliwagawa katika makundi manne, kila kundi na kiongozi wake mvulana. Mwaka wa 1908 alitoa kitabu cha mafundisho, na baada ya muda mfupi chama kikaenea katika nchi nyingi. Yeye mwenyewe alimalizia siku zake Nyeri, katika Kenya, akafa tarehe 8 Januari 1941, na kaburi lake liko huko.

Katika kanuni za kwanza zilikuwapo daraja tatu. Ya chini ilikuwa ya mwanagenzi, aliyepaswa kuijua sheria ya maskauti na salamu yao, na kufunga mafundo ya kamba. Juu yake ilikuwa daraja ya pili. Hapo mtoto alitakiwa kuwasha moto kwa vijiti vya kiberiti visivyozidi viwili. Kupika robo ratili ya nyama na viazi viwili. Kwenda maili moja kwa dakika 12. Kuzijua pande 16 za dira. Tena awe na akiba ya peni sita katika benki. Haya ni mambo ya kutendwa, wala moto hauwaki kwa kukariri.

Daraja ya kwanza ilikuwa ngumu zaidi: kuogelea yadi 50, kusoma ramani, kwenda mahali palipo mbali maili 7 na kurudi, kisha kuandika habari za safari ile. Tena skauti alipaswa kumleta mwanagenzi aliyemfundisha yeye mwenyewe. Sisi walimu twalipenda mno sharti hili, kwani mtu hajui jambo sawasawa mpaka aweze kumfundisha mwenzake. Pamoja na daraja hizo zilikuwapo beji za ustadi, kama za upishi, za kuzima moto, na za kuwahudumia walioumia. Kanuni zimebadilika mara nyingi tangu siku zile, na kila nchi ina zake, lakini shina ni lile lile: kwanza tenda, ndipo uvae.

Basi, hapana budi tuungame kosa letu. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa tukiwapima vijana wa kikosi chetu katika kuwahudumia walioumia. Jua lilikuwa likitua, na wageni walikuwa wakingoja kuona beji zikitolewa. Kijana mmoja alijibu maswali yote vizuri sana kwa maneno. Hatukumwambia afunge jeraha. Tulitia sahihi, akavikwa beji.

Hata siku moja tulikuwa kambini tukichanja kuni, na mtoto mmoja akajikata mguu kwa shoka. Damu ikatoka kwa wingi. Aliyekuwa karibu ni yule mwenye beji. Alisimama kama mti, mikono ikimtetemeka, asijue aanzie wapi. Mwanagenzi mdogo, asiye na alama hata moja, akapiga magoti, akavua skafu yake, akalibana jeraha kwa nguvu, na mguu akauinua juu mpaka tulipofika. Mtoto alipona.

Jioni yule kijana alikuja kwetu, beji mkononi, amekwisha kuifumua nyuzi. Akasema, “Mwalimu, hii si yangu.” Tulimjibu ya kwamba kosa si lake, ni letu, kwa kuwa tulimvika tusichokipima. Nguo ya kuazima haisitiri. Tangu siku ile alijizoeza kila juma, na mwalimu wake akawa yule mwanagenzi mdogo. Alipopimwa mara ya pili, tulimpima kwa bendeji, si kwa maneno.

Wazee wetu walisema, chanda chema huvikwa pete. Hawakusema ya kwamba pete hukifanya chanda kuwa chema. Kwa hiyo, enyi wazazi, mtoto wenu arudipo na beji mpya, msimsifu upesi kwa kuiona. Akiwa na ya upishi, mpeni sufuria na kuni, nanyi mle alichokipika. Akiwa na ya kufunga majeraha, mnyoshee mkono wako aufunge. Nasi walimu, tusiione haya kumwambia mtoto, “Bado, rudi mwezi ujao.” Neno hilo humwuma kwa siku moja tu, bali beji ya uwongo yaweza kumgharimu mwenzake uhai.